Binamu Wawili wa Bangkok

Binti yangu alianza kunidanganya kwa Kiswahili mwaka ule alioingia chuo. Kwa jinsi nilivyofurahi kukisikia Kiswahili kinywani mwake, nilimwacha anidanganye miezi mitatu mizima.

Mimi ni fundi cherehani, Yeoville. Duka langu ni chumba kimoja chenye mashine mbili, ya umeme na ya miguu, ubao wa pasi, na kioo kirefu ambacho wateja wote wanadai kinawanenepesha. Chumba cha jirani ni saluni ya mke wangu. Sisi ni watu wa Bukavu, mashariki ya Kongo. Kabla vita havijanifanya fundi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ndiyo maana naandika Kiswahili cha vitabuni na kusema cha nyumbani. Binti yetu alizaliwa hapa Johannesburg. Alipokuwa mdogo alisema Kiswahili vizuri tu. Alipoanza shule alikivua kama sweta siku ya joto, asikivae tena. Nikimsemesha kwa Kiswahili alinijibu kwa Kiingereza, na akikasirika alinijibu kwa Kizulu. Watu waliniambia nitazoea. Sikuzoea, nilinyamaza tu.

Mambo yalianzia kwenye umeme. Kipindi kile ulikuwa ukikatika kila siku, na ukikatika mimi nahamia mashine ya miguu, yeye anatoka chuoni na kompyuta yake iliyojaa chaji, anakaa kwenye kigoda karibu na ubao wa pasi. Hakunifuata mimi. Alifuata mtandao wa saluni ya mama yake, ambao ulikuwa na betri yake na ulifika vizuri pale kwenye kigoda kuliko mahali pengine popote. Anaweka vitu vyake masikioni, anatazama tamthilia za Thailand, anacheka peke yake. Sasa wewe una koti la watu linalotakiwa kesho, na pembeni yako kuna mtu anacheka na hakuambii anacheka nini. Siku ya tatu nikamwambia atoe vile vitu masikioni, na mimi nisikie.

Akaniambia ni Kithai, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, sitayawahi. Hapo alisema kweli. Kiingereza changu ni cha wateja na mwenye nyumba, nakisoma polepole, na jicho linalosoma halilindi kidole kwenye sindano. Nikamwambia basi anisomee yeye, kwa Kiswahili. Nilisema tu, kama mtu anavyosema mvua ingenyesha. Alinitazama, kisha akachomoa waya wa vile vitu.

"Papa, huyu iko anasema amechelewa masomo," akasema.

Niliendelea kukanyaga mashine, sikuinua uso. Niliogopa akiniona nimefurahi ataona aibu na kurudi kwenye Kiingereza chake.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya wavulana wawili wa chuo kikuu, wanafunzi wa uhandisi. Mmoja mrefu, mkimya, uso wa mtu aliyekosa usingizi. Mwingine mfupi, msemaji, kila unapomwona anakula tambi. Mashati meupe, suruali nyeusi, mkanda wenye nembo ya chuo. Mashati yale yalikuwa yamekatwa vizuri kweli, bega limekaa linapotakiwa kukaa, na mimi mtu akinipa bega zuri namtazama hata kama hafanyi lolote. Nikauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: hawa ni nani kwa nani?

Binti akaisimamisha picha. "Ni binamu," akasema. "Batoto ba baba mukubwa na baba mudogo."

Nikakubali. Kwetu binamu hutembea pamoja, hula sahani moja, hulala kitanda kimoja wageni wakizidi. Sikuona ajabu yoyote hadi sehemu ya pili.

Katika sehemu ya pili yule mrefu alimkuta yule mfupi anakimbilia mtihani, tai imepinda, kola imesimama upande. Akamzuia. Akainyoosha tai, kisha akapitisha vidole viwili nyuma ya shingo, akailaza kola taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni, na vidole vikabaki pale kidogo baada ya kazi kwisha. Nimevalisha watu makoti kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimeona ndugu, nimeona marafiki, nimeona wachumba na waliochokana. Ndugu anaivuta kola yako ili akuchokoze. Rafiki anakuambia imepinda, ujinyooshee mwenyewe. Anayeilaza namna ile, na kubakiza vidole, huyo ana mambo yake. Nikainua macho nikasoma maandishi ya manjano pale chini kabla hayajapita, herufi kwa herufi. Yalisema moyo wake unaenda mbio.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema baharakishe, mwalimu atafunga mlango."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema najua. Mtu mwenye akili zake angesema. Lakini nilikuwa nimesikia Kiswahili cha mtoto wangu siku nne mfululizo, baada ya miaka kumi na miwili ya kunyimwa, na niliona wazi kwamba nikisema najua, atafunga kompyuta na kufunga mdomo. Basi nikamwambia mwalimu yule mkali sana, nikaendelea na pindo langu.

Tukaingia katika maisha ya ajabu kidogo. Sehemu mpya ilitoka mara moja kwa wiki, siku nyingine tulirudia za nyuma, na kila alasiri alininyooshea hadithi ile hadi wale wawili wakabaki binamu tu. Yule mfupi akashikwa homa, mrefu akakesha naye akimfuta paji la uso kwa kitambaa kibichi. Binti akasema anamhakikishia kwamba baba mkubwa yuko njiani. Wakakaa ukingoni mwa mto, mfupi akasema maneno marefu huku machozi yakimtoka, maandishi yakajaa mistari miwili na kubadilika mara tano. Binti akasema ana njaa. Nikauliza kwa huruma kama hakula zile tambi. Akasema zilimwagika.

Nakiri nilianza kumchokoza. Niliuliza shangazi yao yuko wapi, mbona haji kuwajulia hali. Akafikiri, akamtuma shangazi kaskazini kwenye biashara ya vitambaa. Nikauliza babu alikufa kwa ugonjwa gani. Akampa babu ugonjwa wa figo. Mwisho wa mwezi wa kwanza wale wavulana walikuwa na ukoo mkubwa kuliko wangu, na binti yangu, aliyekuwa hajui tofauti ya shemeji na wifi, alikuwa akinipangia jamaa za watu wa Bangkok bila kukosea hata mmoja. Alikuwa akija na maneno mapya. Baadaye niligundua alikuwa akipita saluni kwanza, anamuuliza mama yake hiki kinaitwaje na kile kinaitwaje, ndipo anakuja kunidanganya vizuri.

Nilishona polepole kipindi kile. Wateja walilalamika, nikawaambia kazi nzuri haitaki pupa.

Kilichonivunja ni jambo dogo. Alasiri moja wale wavulana walikuwa wamesogeleana chini ya mwavuli mmoja, nyuso karibu kabisa, na mzee mmoja wa kanisa letu akaingia kuchukua suti yake. Binti akaifunga kompyuta kwa kishindo. Ningelielewa hilo, hata mimi ningeifunga. Lakini mzee yule alikuwa mlangoni, na binti hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Aliangalia mikono yangu, kisha uso wangu, kama mtu anayesubiri kuona kama atapigwa, na mimi sijawahi kumpiga mtoto huyu tangu azaliwe.

Tulipokuwa tukitembea kurudi nyumbani, mtaa wa Bertrams, yeye akiwa mbele na simu yake, nilimuuliza mke wangu mtoto ananiogopea nini. Nilimweleza yote, kola, mto, shangazi wa kaskazini. Yeye hakushangaa hata kidogo. Alijua tangu mwanzo, maana ndiye aliyekuwa akimpa maneno.

"Hakuogopi wewe," akasema. "Anaogopa ule fundi wa makoti ya bleu."

Nilichukua muda kukumbuka, na hilo lenyewe ni aibu. Mwaka mmoja kabla, waliingia dukani wanaume wawili na kitambaa cha buluu, kizuri, kizito cha kutosha. Mmoja alikuwa Mrundi mwenye Kiswahili safi, mwingine mrefu wa Soweto, mcheshi. Walitaka makoti mawili ya kufanana. Niliwapima wote wawili, nikaandika vipimo katika daftari langu, nikiwa nadhani ni wasimamizi wa bwana harusi. Mwishoni nikauliza harusi ni ya nani. Mrundi akasema ni yetu. Nikacheka. Nilipoona hawacheki, nikakunja kitambaa chao, nikawarudishia, nikasema nina kazi nyingi, watafute fundi mwingine. Walikichukua wakatoka. Kisha, kwa kuwa kulikuwa na wateja wengine wawili, nikasema neno la kuwachekesha. Sitaliandika hapa. Walicheka sana, na mimi nikacheka nao.

Binti alikuwa kwenye kigoda, karibu na ubao wa pasi. Sasa nikakumbuka kwamba aliinuka akaenda saluni, na kwamba niliona ameinuka, na kwamba niliwaza tu ameenda kunywa maji.

Mke wangu akaniambia mtoto amechoka kusoma uongo, na kwamba amekuwa akiusoma kwa sababu moja: hakutaka nicheke tena vile, mbele yake, juu ya watu wale anaowapenda. Kisha akasema nifikiri kwa nini anawapenda hivyo. Tukafika kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ikawa nyekundu, tukasimama. Usiku ule sikumwambia mtoto lolote, na kesho yake pia, na keshokutwa. Mimi ni mwepesi wa maneno mpaka yanapohitajika.

Tulifika sehemu ya mwisho siku ya Jumamosi. Saluni ilikuwa imejaa, kelele za mashine za kukaushia nywele zinapita ukutani, na mimi nilikuwa nikiweka bitana kwenye koti la mtu. Yule mfupi alikuwa amempeleka yule mrefu kwa mama yake. Mama alikuwa jikoni anakata vitunguu, na mkono ulisimama mwanawe alipoanza kusema. Mvulana alizungumza polepole, na maandishi, kwa mara ya kwanza, yakakaa muda wa kutosha mtu kama mimi kuyasoma yote.

Binti aliyasoma mpaka mwisho. Nikasubiri. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, "Anaomba mama yake ruhusa ya kwenda kutafuta kazi."

Nikainua mguu kwenye kanyagio, mashine ikanyamaza.

"Hapana, mama," nikamwambia, maana kwetu binti tunamwita mama. "Anasema: huyu ndiye ninamupenda. Sikuombi ufurahi leo. Nakuomba tu usinifukuze."

Kompyuta iliendelea peke yake. Mama wa Bangkok alikuwa analia, vitunguu au vinginevyo. Binti yangu aliweka mikono yote miwili mapajani.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu sehemu ya pili. Kola."

"Na juu ya nini haukusema kitu?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka kusikia Kiswahili chake na niliogopa kitakwisha. Alianza kucheka, akaficha uso kwenye mikono, na nilipoona mabega yake nikajua kicheko kimegeuka. Nami machozi yalinitoka, na sikuwa na kitunguu cha kusingizia. Alipopata pumzi akauliza kama hata babu wa figo nilijua ni uongo. Nikasema nilimlilia kidogo hata hivyo.

Kisha akajifuta uso, akaniuliza swali alilokuwa amelibeba mwaka mzima. "Na bale babwana ba makoti?"

Nilikuwa na daftari tu. Fundi hachani ukurasa wa vipimo, mwili wa mtu ukishauandika unauhifadhi. Nikalifungua mbele yake nikawatafuta: kifua, mabega, mkono, kiuno, mtu wa kwanza na mtu wa pili, ukurasa mmoja, na namba ya simu juu. Nilipiga pale pale kabla sijapata muda wa kujikinga. Mrundi alipokea. Nikajitambulisha kwamba ni yule fundi wa Yeoville. Nikamwambia nataka kuwashonea yale makoti. Akasema harusi imepita zamani, makoti walishonewa kwingine. Nikauliza, kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichoweza kuuliza, kama yamewakaa vizuri.

"Langu linavuta kwenye mabega," akasema.

Nikamwambia alilete.

Wiki nzima ya kuwasubiri, mimi na binti tulizungumza kuliko miaka mitano iliyotangulia. Aliirudia tamthilia ile kuanzia mwanzo, safari hii akinisomea yaliyoandikwa. Ilikuwa hadithi nyingine kabisa, na nzuri zaidi, ingawa nilimkosa shangazi. Akanieleza kwamba tamthilia nyingine za zamani zilikuwa na kasoro: mvulana lazima aape kwamba yeye hapendi wanaume, anampenda huyu mmoja tu, kana kwamba anaomba radhi. Akaniambia sasa zinabadilika, na kwamba kule sheria imeshawaruhusu watu kama hao kuoana, jambo ambalo hapa kwetu Johannesburg lilikuwepo tangu yeye hajaingia shule, na mimi nikafukuza wateja. Nami nilikuwa na malalamiko yangu. Katika tamthilia ile kuna rafiki mmoja mwenye madaha, mwenye mikono ya kucheza na sauti ya juu, anayewekwa pale watu wamcheke. Anawapatanisha wenzake, anawabebea mwavuli, na sehemu zote kumi na mbili hakuna anayemlazia kola. Nikasema huyo ndiye mwenye mavazi yaliyoshonwa vizuri kuliko wote, na kwamba nikimpata mtunzi nitamwambia. Binti akasema, "Eish, Papa," akaniangalia kwa namna ambayo ningeivumilia hata kila siku.

Walikuja Jumamosi. Mrundi alisimama mlangoni na koti mkononi, mwenzake akabaki kwenye gari, kioo kimefungwa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yote yakapotea.

"Niliwakosea," nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Ulitukosea."

Hakuongeza kwamba si kitu, na nilimshukuru kwa hilo. Akaingia, akalivaa. Aliyelishona alikuwa amekata kwapa juu mno na kulazimisha mkono uingie. Kila akiinua mkono koti zima lilipanda naye. Nikaweka chaki, binti akashika pini. Nikamwambia nitafumua mikono yote miwili, nitatoa nafasi mgongoni, atavuta pumzi. Binti akatoka mwenyewe, bila kutumwa, akaenda kugonga kioo cha gari na kusema maneno ya Kizulu ambayo sikuyasikia. Yule mrefu akaja naye, koti lake limekunjwa mkononi. Lilikuwa halifungi kifungo. Nikafungua daftari, nikampima upya, nikamwonyesha kipimo cha zamani na cha sasa, nikasema ndoa imemkubali. Mrundi ndiye aliyecheka kwanza.

Waliporudi kuyachukua, waliyavaa mbele ya kioo kinachonenepesha. Kola ya Mrundi ilikuwa imesimama kidogo upande wa nyuma. Nilikuwa nainua mkono kuirekebisha, mkono wa fundi huenda wenyewe, lakini mwenzake alikuwa ameshafika. Vidole viwili, kutoka katikati kwenda pembeni, na kubaki pale kidogo. Nikamtafuta binti yangu kwa macho. Naye alikuwa ananitafuta.

Walipoondoka alikaa kwenye kigoda, akaichukua chaki yangu, akawa anaizungusha mkononi. Umeme ulikuwepo siku hiyo, na mtandao, na kompyuta ilikuwa imefungwa.

"Papa," akasema, "siku yangu ikifika, tukikuja hapa wawili, utatupima?"

Nikamwambia nitawapima wote wawili, ila waje mapema, maana mimi siyo yule fundi wa mikono ya kulazimisha. Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Bado alikuwa ananitazama, mikono yangu kwanza, kisha uso.

"Na kama ni robe mbili?" akauliza, na kwetu robe ni gauni. "Itachukua wiki ngapi?"

Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni kwangu. Nikauvua, nikalifungua daftari kwenye ukurasa mtupu, nikamwambia asimame.